Kizuio cha mulango ku gari ya mbao: muite fundi wa mbao mbele ya fundi wa gari

Mu Golf, wakati wa kiangazi, upepo hauombe ruhusa. Mutu anasimamisha gari mbele ya portaye, anafungua mulango, na upepo unamunyanganya ule mulango ku mukono. Ku Toyota ya leo hakuna shida: mulango unafika paka pale fabrike ilipanga, unasimama. Lakini ku gari ya zamani yenye karoseri ya mbao, yenye kizuio chake kilikatika kitambo, mulango unaendelea mpaka unapiga gardibu. Nguvu yote inaingia mu visi ine ao sita zenye kushikilia sharnieri ku nguzo. Mara ya kwanza rangi inapasuka kidogo. Mara ya kumi, ni nguzo yenyewe inapasuka. Na kama manseba alikuwa anapita na moto yake karibu, mambo ya nguzo inakuwa kitu kidogo sana.

Kizuio ni kile kifaa chenye kufunga mulango na nguzo, ili mulango usifunguke kupita kipimo. Mu Kifaransa cha garaji wanasema tirant ao arrêt ya mulango. Ku gari za leo ni kipande cha chuma chenye meno, kinaingia ndani ya mulango na kinafanya ule mulio wa "tak, tak" wakati wa kufungua. Ku gari mingi za zamani kilikuwa paka mukanda: ngozi ao nguo nzito, visi upande huu, visi upande ule. Ni kitu cha bei ndogo. Ndiyo sababu watu hawakijali, na ndiyo sababu gari mingi nzuri zinaharibikia pale.

Gari ya mbao ni gari gani?

Watu mingi wakisikia "gari ya mbao" wanafikiria kaise ya kamyo, ile yenye kubeba makala na mihindi toka kijiji. Lakini kulikuwa wakati gari za watu wa pesa zilijengwa na mbao. Mu Marekani, mu 1929, Ford ilitosha Model A Station Wagon, karoseri yake ya mbao ikionekana wazi kwa macho. Mbao zilitoka mu mapori ya Ford yenyewe, upande wa Iron Mountain mu jimbo la Michigan. (Mabaki ya ile fabrike hayakutupwa: Ford iliyachoma na kuuzisha makala. Mutu wa Lubumbashi anaelewa hiyo biashara bila kufasiriwa.) Ford iliendelea na mbao za kweli mpaka 1951, na Buick ikafunga mulango wa ile desturi mu 1953. Mu Uingereza, Morris Minor Traveller ilitengenezwa toka 1953 mpaka 1971. Sehemu yake ya nyuma ina mifupa ya mbao ya muti wenye kuitwa frêne, na zile mbao si mapambo: ndizo zenye kubeba paa na kioo. Zikioza, sehemu yote inalegea.

Afrika ya Mashariki nayo ilijenga zake. Mu Kenya, miaka ya 1920 na 1930, watu wa safari walinunua shasi ya gari ya Marekani, kisha maseremala walijenga boksi ya mbao juu yake, na ile gari ikaitwa boksi bodi. Ku Zanzibar, gari za abiria za mbao juu ya shasi ya kamyo zilijulikana miaka na miaka. Abiria wanapandia nyuma, basi shida ya mulango wa pembeni haiko.

Kuko pia gari zenye kudanganya macho. Gari mingi za miaka ya 1920 zinaonekana ni chuma, lakini chini ya tole kuko mifupa ya mbao, na tole imepigiliwa juu na misumari midogo. Mutu anarizi gari ya babu, anafikiri ni chuma yote, mpaka siku visi ya mulango inamubakia mu mukono pamoja na unga wa mbao. Kwa hiyo, mbele ya kuanza kazi yoyote ku mulango wa gari ya zamani, tosha kwanza garnitire ya ndani na uangalie nguzo ni ya nini. Sindano ya kushona viatu inatosha: ikiingia polepole kama mu mukate, mbao imeoza.

Hesabu yenye kila mutoto wa primaire anaweza kufanya

Mulango ni levie, sawa na levie ya kunyanyulia jiwe. Tuseme upepo ao mukono unasukuma mwisho wa mulango na nguvu ya kilo 10, sentimita 90 toka sharnieri. Kama kizuio kinavuta sentimita 15 toka sharnieri, kinapokea 10 mara 90, gawanya na 15: kilo 60. Mukanda muzuri unabeba ile bila kulalamika. Sasa tosha kizuio. Mulango unaenda mpaka sharnieri yenyewe inagoma, na pale fasi ya kugomea iko sentimita 2 tu toka ku pine ya sharnieri. 10 mara 90, gawanya na 2: kilo 450. Ni ile nguvu inavuta visi zenye kuingia sentimita 3 mu mbao. Na hapa tumehesabu mulango wenye kusukumwa polepole. Ukija kwa kishindo, nguvu inapita pale.

Ku gari ya chuma, sharnieri inakunjika na fundi wa tole anairudisha. Ku mbao hakuna kurudisha. Mbao ikipasuka kwa kufuata nyuzi zake, ule mupasuko unatembea, kila mara ya kufungua unaongeza milimita, mpaka mutu anachukua nguzo yote mupya. Kuchonga nguzo ya gari ni kazi ya siku mingi, juu ya kuko mikunjo na mashimo yenye lazima yaingiane sawasawa.

Mulango gani wa kuanza nao?

Hapa Lubumbashi kuko jambo lenye vitabu vya Ulaya haviseme. Kongo tunatembeza ku kuume, lakini gari mingi za Katanga ni za gidoni ya kuume, juu ya Zambia na Tanzania ni majirani na kule wanatembeza ku kushoto. Morris ya Kiingereza ni vilevile. Gari kama ile ikisimama pembeni ya barabara, shofere anashukia ku upande wa majani. Ni abiria wa mbele ndiye anafungua mulango ku upande wa gari zenye kupita. Mara mingi ni mama mwenye mizigo, ao mutoto. Anasukuma mulango bila kuangalia nyuma, na mulango bila kizuio unafika mbali kabisa mu njia ya moto na vélo. Kwa hiyo, kama franga zinatosha mulango mumoja tu, anza na ule wa kushoto mbele. Kisha ile ya nyuma upande uleule.

Mbele ya kutosha kile cha zamani

Fungua mulango nusu, uukamate ku mwisho na uunyanyue. Ukicheza juu na chini, angalia ni wapi unacheza. Kama pine ya sharnieri ndiyo imelika, kizuio kipya hakitasaidia kitu. Tengeneza sharnieri kwanza. Kama sharnieri yote inatembea juu ya nguzo, visi zimelegea ao mbao imeoza. Kama kila kitu ni kigumu na paka mukanda umekatika, mwenye gari ashukuru Mungu, kazi itakuwa ya siku moja.

Kisha weka kipande cha muti ao tofali chini ya mulango, na nguo juu yake, mpaka mulango upumzike pale. Funga kamba toka mulango mpaka ndani ya gari. Watu wanaruka hii hatua, wanasema "ni dakika tano tu". Ni mu zile dakika tano upepo unafika. Pia simamisha gari uso ukiangalia upepo, ili upepo ufunge mulango kuliko kuufungua. Ku gari zenye milango ya kufungukia mbele, sharnieri nyuma, ni kinyume.

Visi za zamani zinaomba uvumilivu. Safisha kwanza mukato wa kichwa na sindano mpaka turnevisi inakaa vizuri, yenye upana uleule wa mukato. Kama inagoma, shikiza fer ya kusudea, ile ndogo ya mafundi wa redio, juu ya kichwa dakika moja ao mbili. Chuma inapanuka, ikipoa inaachilia mbao. Geuza kwanza kidogo upande wa kufunga, kisha upande wa kufungua. Mwenye kulazimisha anavunja kichwa, na shina linabaki ndani.

Jambo moja haliombe majadiliano: shalumo na poste ya kusude zikae mbali. Mu muji huu, kila kitu chenye kuvunjika kinapelekwa kwa sudere, na ku gari ya chuma ni akili. Ku gari ya mbao, moto wa kusude unaunguza nyuzi zenye hazionekane chini ya tole. Kwa inje kazi ni safi. Ndani visi zinakamata makala. Zaidi ya ile, verni ya zamani na vumbi kavu ya mbao vinawaka haraka.

Tundu lenye kulegea

Hii ndiyo sehemu yenye inaamua kama kazi itadumu. Ukitosha visi, mara mingi tundu limepanuka. Desturi ya garaji ni kuingiza viti vya viberiti na kole, kisha kurudisha visi ileile. Inakamata mwezi mumoja. Wengine wanatoboa tundu kubwa na kuingiza kijiti cha muviringo. Ni bora kidogo, lakini kijiti kile nyuzi zake zinaelekea inje, ni kusema visi inaingia katikati ya nyuzi sawa kisu mu ufagio. Nyuzi zinatengana, visi inatoka.

Fundi wa mbao anafanya vingine. Na patasi ao siso, anakata kiraka: anatosha mbao mubaya, anaacha shimo la pande ine lenye kingo safi, anaingiza kipande kipya chenye nyuzi zake zinafuata nyuzi za nguzo. Kole ni ya epoksi, ile ya tube mbili. Kole ya blanshe ya meza na viti haivumilie mvua. Anafunga na serejoe mpaka kesho yake.

Kwa kiraka, mulombwa ni mbao muzuri, ile yenye wengine mu Tanzania wanaita mninga. Inajulikana kwa kutokunywea na kutovimba sana, na mafundi wa Katanga wanaijua ku milango ya nyumba na ku viti. Rangi yake ni nyekundu kuliko frêne ya Kiingereza, basi fasi yenye kuonekana mwenye gari lazima achague: rangi ao nguvu. Ndani ya garnitire hakuna mwenye kuona. Muhimu ni mbao ikauke kweli. Mbao yenye ilishuka ku kamyo juzi itanywea ndani ya kiraka na kole itabaki peke yake.

Hata na kiraka kizuri, kizuio kisifungwe na visi tu. Kiraka kinarudisha mwili wa nguzo. Buloni ndiyo inabeba nguvu. Toboa tundu la milimita 6 nguzo nzima, ingiza buloni, na nyuma yake weka kibao cha chuma cha milimita 3 unene, upana sentimita 4, urefu sentimita 8. Hivi nguvu inasukuma fasi pana ya mbao kuliko kuvuta nyuzi chache. Kibao na vichwa vinajificha chini ya garnitire. Watu wa gari za kumbukumbu watasema haiko sawa na ya fabrike. Ni kweli. Lakini nguzo ya fabrike ndiyo kitu chenye hakipatikane tena, na tundu moja la milimita 6 linaificha ku mauti.

Kama kuko fasi inabakia na visi, zikuwe za letoni ao za inox. Mbao zenye tanini mingi, sawa chêne, zinakula chuma ya kawaida na zinageuka nyeusi kuzunguka visi. Letoni ni laini, kichwa kinakatika kwa urahisi. Basi ingiza kwanza visi ya chuma ya kipimo kilekile ili ifungue njia, itoshe, kisha ingiza ile ya letoni, yenye umepakaa buji. Mafundi mingi wanapakaa sabuni. Sabuni inavuta maji, buji haivute. Na juu ya sisi ni watu wa mukuba, mutu asijaribu visi ya mukuba mutupu: inajikunja sawa tambi. Mukuba fasi yake ni ku riveti za ngozi, na pale hakuna kinachoipita.

Mukanda wenyewe

Ngozi ni ya fabrike ku gari mingi na ni nzuri kwa macho. Inatakiwa ngozi nene ya milimita 4 ao 5, upana sentimita 2 na nusu mpaka 3, ile ya fundi wa mikanda, si ile ya sakoshi. Ngozi inanyooka. Mbele ya kukata kipimo, itundike usiku muzima na ndoo ya litre 15 za maji. Asubui itakuwa imerefuka, na haitarefuka tena sana. Inaomba mafuta ya ngombe mara mbili ku mwaka.

Lakini Lubumbashi ina kitu kingine, chenye Ulaya mutu angelipa kwa ulaya: bande ya kubebea mawe ya mine. Vipande vya zamani vinauzishwa mu muji kwa kazi mingi. Ndani ya mupira muko nguo ya nguvu, tabaka juu ya tabaka, basi hainyooke na haiogope mvua. Kipande chembamba cha ile bande, chenye kingo zimekatwa na kisu kikali, ni kizuio cha miaka mingi. Kama ni nene sana itagoma kukunjika wakati mulango unafungwa. Tafuta ile ya tabaka mbili. Mukanda wa usalama toka gari yenye kufa nao unafaa. Choma kingo zake na moto wa kiberiti ili nyuzi zisifunguke.

Shambre ya ère hapana. Kila kwado atatoa kipande bure, na kila kipande kitanyooka mpaka mulango upige gardibu kama zamani, kisha kitaurudisha kwa nguvu juu ya vidole vya mutu. Tirant ya Toyota nayo mafundi wa gari wanaipenda juu inapatikana. Meno yake yanafanya kishindo kidogo kila mara, na kile kishindo kinapiga paka fasi moja ya nguzo nyembamba. Ku mulango mukubwa wenye nguzo ya sentimita 6 inaweza kwenda. Ku nyembamba, iachwe.

Kwa urefu, fungua mulango mpaka kubaki vidole viwili kati yake na kitu cha karibu, na uhakikishe sharnieri haijaanza kugoma. Pima na kamba toka buloni mpaka buloni. Kwa ngozi tosha sentimita moja. Mukanda usitobolewe tu na kufungwa na rondeli, utapasukia ku tundu. Weka kibao kidogo cha chuma juu ya kila mwisho, buloni mbili kwa kibao. Kisha funga mulango polepole sana, ukiangalia mukanda unakunjikia wapi. Ukibanwa kati ya mulango na nguzo, utafanya kazi ya kabari, na kila kufunga kutasukuma sharnieri inje. Ndiyo sababu ku gari mingi kuko mufereji mudogo mu nguzo wenye mukanda unajificha ndani. Mara mingi umejaa rangi na vumbi. Usafishwe.

Ku mwisho, kila tundu lipakwe verni ndani, na kiberenge cha pamba ao burshi ndogo, mbele ya buloni kuingia. Maji yakiingia mu nyuzi kupitia tundu, mbao inaoza toka ndani na hakuna mutu atajua. Angalia pia matundu ya chini ya mulango, yenye kutosha maji ya mvua. Mara mingi yamezibwa.

Wakati wa kazi una maana. Toka mwezi wa 5 mpaka wa 9 hakuna mvua, mbao inakauka na kunywea. Toka mwezi wa 11 inakunywa maji ya hewa na kuvimba. Kizuio chenye kilifungwa mu mwezi wa 2, mbao ikiwa imevimba, kitacheza mu mwezi wa 8, palepale wakati upepo unakuja. Chenye kilifungwa mu mwezi wa 9 kitajikaza chenyewe na mvua. Kwa hiyo mwisho wa kiangazi ndio muzuri, na ekru zisikazwe mpaka kibao kizame mu mbao. Mu mwezi wa 1 mwenye gari arudi na kle ya 10, aangalie kama kuko yenye kukaza sana, aiachilie robo ya duara. Mu mwezi wa 7 aangalie tena, na siku ile apakae ngozi mafuta.